Jogoo Akikaa Kiotani, Usimnolee Kisu

Kazi ya karani wa parokia ni kuandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, kupokea zaka, na kutunza daftari ili panya wasizitafune. Sikutazamia hata siku moja kuulizwa habari za kuku. Lakini asubuhi moja baada ya Misa aliingia ofisini mama mmoja mjane wa kijiji chetu, akaketi juu ya benchi, akanyamaza. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akanyamaza tena. Nilidhani amefiwa.

"Mwalimu," akasema mwisho (huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii), "jogoo wangu ameingia kiotani. Leo ni siku ya tatu. Anakaa kama mtetea, tena anagunaguna kwa sauti ya chini. Shemeji yangu amesema ni uchuro, nyumba itapata msiba. Ameniambia achinjwe leo kabla jua halijatua. Nami sina jogoo mwingine."

Pengine wewe msomaji unacheka. Usicheke. Mama huyu ana mitetea saba na jogoo mmoja. Mayai na vifaranga vya mitetea hiyo ndivyo vinavyomnunulia mjukuu wake madaftari, na ndivyo vinavyoleta chumvi na sabuni nyumbani. Jogoo akiondoka, mitetea haitaacha kutaga, maana kuku jike hutaga hata pasipo jogoo. Lakini baada ya majuma mawili au matatu hivi mayai yale hayana mbegu tena. Mtetea atayaatamia siku ishirini na moja, atakonda bure, na mwisho wake mayai ni ya kutupa. Kwa hiyo kisu cha shemeji kilikuwa kinaelekea shingo ya jogoo, lakini kingefika mpaka kwenye madaftari ya mtoto.

Nilimwomba asubiri. Nilimwomba hivyo kwa haraka kuliko ilivyo desturi yangu, na sababu yake nitakueleza.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nyumbani kwetu tulikuwa na jogoo mwekundu mwenye mkia mrefu mweusi. Siku moja bibi alikwenda jikoni kuchukua kuni akamkuta amejikunja katika kapu kuukuu, pale pale mitetea ilipozoea kutaga. Bibi akapiga kelele. Wazee wawili wakaitwa, wakatikisa vichwa, na kabla ya adhuhuri jogoo yule alikuwa chunguni. Nami nilikula. Nyama ilikuwa tamu, sitaki kukudanganya. Lakini msimu ule mwewe alichukua vifaranga wetu wengi kuliko miaka mingine, mitetea miwili ikahamia kwa jirani ikawa inataga vichakani, na kufika mavuno tulikuwa na kuku watatu tu. Watu wakasema, "Mnaona? Uchuro ule!" Hakuna aliyeuliza kama ni uchuro ulioleta hasara, au ni kisu.

Basi tuliangalie jambo lenyewe.

Jogoo mzima anayeonyesha kiota hufanya hivi. Hutafuta pembe yenye giza kidogo: nyuma ya mtungi, chini ya uchaga wa kuni, ndani ya tenga lililoinamishwa. Huinamisha kifua na kuinua mkia. Hukanyagakanyaga kwa miguu yote miwili, huzunguka pale pale kama mtu anayetandika mkeka mahali pembamba, hukwaruza majani, pengine hudonoa jani moja na kulitupa ubavuni. Na wakati huo wote hutoa sauti ya chini ya kooni, mfano wa mtu anayeguna huku amefumba midomo. Ukikaa kimya mbali kidogo utaona kuwa hayuko peke yake. Mara nyingi yupo mtetea anayezurura karibu, anachungulia hapa na pale, hatulii, na undu wake umekuwa mwekundu. Mtetea huyo anatafuta mahali pa kutagia. Jogoo anamwambia, "Njoo utazame hapa."

Mtetea naye si mtumwa. Ataingia, atachungulia, pengine atakaa kidogo na kutoka, aende akatage chini ya kitanda chako. Jogoo hufanya shauri tu, na mwenye yai ndiye anayekata neno.

Jambo hili si la kijiji chetu peke yake, wala halikuanza juzi. Kuku si ndege wa asili wa Afrika. Aliletwa kutoka Asia. Babu yake ni kuku-mwitu mwekundu, ambaye mpaka leo anaishi katika misitu ya India, Myanmar, Thailand na nchi za jirani. Mwaka 2020 wataalamu walichunguza damu ya kuku wengi wa kufugwa na wa mwituni, wakaona kwamba kuku wa nyumbani wametokana hasa na kabila moja la kuku-mwitu hao, lile la kusini-magharibi ya China, kaskazini ya Thailand na Myanmar. Na mwaka 2022 wengine walitangaza kwamba mifupa ya kale kabisa inayojulikana kwa hakika kuwa ya kuku wa kufugwa ni ile iliyochimbuliwa mahali paitwapo Ban Non Wat huko Thailand, ya miaka 1650 hadi 1250 hivi kabla ya Kristo. Inafikiriwa kwamba watu walipoanza kupanda mpunga na mtama, kuku-mwitu walikuja wenyewe kudokoa nafaka, wakazoea.

Sasa fikiri maisha ya ndege huyo msituni. Mtetea anayekwenda kutaga yumo hatarini. Anatoka katika kundi, anaingia kichakani, anakaa chini bila kusogea, naye nyoka na paka-mwitu wanapita huko huko. Ndiyo maana jogoo humsindikiza. Mwaka 1969 Glen McBride na wenzake wawili waliandika habari ndefu za kuku waliorudia uporini katika kisiwa kidogo kiitwacho North West, mbele ya pwani ya Queensland huko Australia. Kuku hao waliachwa kisiwani na watu waliohama, wakaishi bila banda wala pumba. Huko jogoo alifuatana na mtetea aliyetafuta mahali pa kutagia, na alipokwisha kutaga alirudishwa kundini akiwa na mlinzi wake. Hata kwetu uwanjani utaona mfano wake: mtetea anatoka kiotani huku akitetea kwa makelele, na jogoo hujibu kutoka upande wa pili wa nyumba, kisha huja mbio. Sisi husema, "Kuku ametaga," tunakwenda kuchukua yai. Jogoo yeye anakuja kumchukua mwenzake.

Iko na kazi nyingine mbili za jogoo ambazo nataka uzitazame vizuri, maana ndizo zinazomwonyesha kuwa baba kwa namna yake.

Ya kwanza ni ya chakula. Mtupie jogoo wako panzi au kumbikumbi. Mara nyingi hamli. Humdonoa, humwangusha, humdonoa tena, huku akiita kwa sauti fupi fupi za haraka, na mitetea huja mbio. Mwaka 1986 huko Marekani, Peter Marler na wenzake walilipima jambo hili kwa majaribio. Waliona kwamba jogoo huita zaidi akipata chakula kitamu kuliko akipata kitu kisicho na maana, tena huita zaidi akiwapo mtetea wa kusikia kuliko akiwa peke yake. Usidhani jogoo ni mtakatifu, msomaji wangu. Yumo pia anayeita pasipo chakula chochote, ili mtetea aje karibu apate kumpanda. Lakini mitetea si wajinga, na anayeita bure mara nyingi huachwa aite.

Ya pili ni ulinzi. Jogoo ana sauti moja ya hatari itokayo angani na nyingine ya hatari itembeayo chini. Akiona mwewe hutoa mlio mwembamba, mrefu, wa kujificha. Akiona mbwa au nguchiro hupiga makelele ya kukatika-katika ambayo hata wewe uliye shambani unayasikia. Chris Evans, mkewe Linda, na yule Marler walizinasa sauti hizo, wakawapigia mitetea waliofungiwa peke yao ndani ya nyumba, pasipo mwewe wala mbwa. Walitangaza matokeo mwaka 1993. Mitetea waliposikia sauti ya mwewe walijikunja na kutazama juu; waliposikia ile nyingine walisimama wima wakatazama huku na huku. Maana yake walielewa maneno ya jogoo, hawakuona kitu.

Basi usiseme jogoo kazi yake ni kuwika na kupanda tu. Baba yangu alipomla jogoo wake, aliila saa ya kuamkia na mlinzi wa mwewe kwa mlo mmoja.

Sasa wengi watauliza: kama anajua kiota, mbona haatamii? Hili ni swali zuri, nami nililipenda tangu chuoni, alipolileta mwanafunzi mwenzangu tukabishana mpaka taa ikazimwa.

Tazama njiwa wako. Njiwa dume hulalia mayai tangu asubuhi jua likishapanda mpaka alasiri, ndipo jike ashike zamu mpaka kesho yake. Makinda ya njiwa huzaliwa yamefumba macho, karibu uchi, hayawezi hata kusimama, nayo hulishwa na wazazi wote wawili kwa kitu kama maziwa kinachotoka katika gole lao. Mzazi mmoja hawezi kazi hiyo peke yake. Tazama na mbuni wa mbugani: dume mwenye manyoya meusi hulalia usiku, jike mwenye rangi ya vumbi hulalia mchana, kwa majuma sita hivi. Ukipita mchana huoni ila kama kichuguu. Ukipita usiku huoni kitu. Na kanga dume haatamii, ila vifaranga wakishaanguliwa hutembea nao na kuwatunza pamoja na mama yao, aliyechoka kwa kukaa muda mrefu kiotani.

Kifaranga cha kuku ni kitu kingine. Huzaliwa na manyoya yake, macho yamefumbuka, na siku ya pili anachakura. Wahenga walisema mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura, nao hawakukosea sana, ingawa ukitazama utaona mama akimwonyesha cha kudonoa. Kwa hiyo mzazi mmoja anatosha, naye ni mama. Mwili wake hugeuka kwa kazi hiyo: manyoya ya kifua hupungua, ngozi hupata damu nyingi na joto, naye huyageuza mayai mara nyingi kwa siku, hutoka muda mfupi tu kula, kunywa na kunya, kisha hurudi. Jogoo hana ngozi ya namna hiyo. Tena ana mitetea wengi; akilalia mayai ya mmoja, nani atawatazamia wengine mwewe? Na mavazi yake mekundu yangemwita kila adui kiotani, ambapo mtetea mwenye rangi ya majani makavu hupotea machoni.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Aristotle, yule mwanafalsafa Myunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba majogoo wengine walionekana, mtetea akifa, wakiwachukua vifaranga, wakiwaongoza na kuwalea, hata wakaacha kuwika. Plinius Mrumi aliandika vivyo hivyo katika karne ya kwanza. Wafugaji wa Ulaya walijifunza kuwatumia majogoo waliohasiwa kulea vifaranga. Réaumur, mtaalamu wa Ufaransa aliyetoa kitabu chake juu ya kuangua mayai mwaka 1749, alieleza namna ya kuwafundisha, na Darwin wa Uingereza aliandika mwaka 1868 kwamba jogoo aliyehasiwa hukubali kulalia mayai na kulea vifaranga. Siri yake ilionekana baadaye. Mwilini mwa ndege imo dawa ya asili itembeayo katika damu, iitwayo prolaktini. Oscar Riddle na wenzake huko Marekani ndio walioipa jina hilo walipokuwa wakichunguza yale maziwa ya njiwa, na mwaka 1935 walitangaza kwamba kuku waliodungwa prolaktini walianza kuatamia. Jogoo naye anayo, ila kwa kawaida dawa nyingine ya kiume, ile inayomwotesha undu na kumwagiza awike na kupigana, ndiyo inayotawala. Mkate nguvu ile, au aje jogoo mwenye moyo wa namna yake, na ulezi unaweza kujitokeza.

Na uchuro? Hofu hii si yetu watu weusi peke yetu, kama wengine wapendavyo kusema. Mwaka 1474, katika mji wa Basel, Uswisi, jogoo alishitakiwa barazani kwa kosa la kutaga yai. Akahukumiwa. Akachomwa moto hadharani pamoja na yai lake, kama mchawi, maana watu wa Ulaya wa wakati ule waliamini kwamba katika yai la jogoo hutoka nyoka wa ajabu anayeua kwa kumtazama mtu tu. Ninavyoona mimi, yule alikuwa kuku jike. Kuku jike ana kokwa moja tu ya mayai inayofanya kazi, ile ya kushoto. Ikiharibika kwa ugonjwa anaweza kuota undu na manyoya ya kiume, hata akawika. Bila shaka waliomchoma walirudi nyumbani wakiwa wameridhika, kama sisi tulivyoridhika na chungu chetu.

Turudi kwa mama yetu. Mchana ule nilichukua baiskeli nikaenda naye. Shemeji yake alikuwa pale, mzee mwenye heshima zake, na kisu kilikuwa juu ya jiwe la kunolea. Nilimwamkia, nikamsihi tukae kidogo tumtazame jogoo kwanza. Akasema, "Tazama upendavyo, kijana. Hata chui hutazamwa."

Nilitaka kujua jambo moja kabla ya yote: je, jogoo ni mzima? Maana hapa sina mzaha. Kuku aliyejikunja kiotani amenyamaza, mabawa yameanguka, manyoya yamesimama, anahema kwa kinywa wazi au anaharisha kijani, huyo haonyeshi kiota. Huyo anaumwa, na mara nyingi ni kideri. Ugonjwa ule hauna dawa. Mtenge mbali na wenzake upesi, wala usimpeleke sokoni, kisha mwite bwana mifugo. Chanjo hupewa kuku walio wazima bado, tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Nimewahi kuona mji mzima ukibaki na manyoya tu kwa sababu kuku wa kwanza aliyejikunja alisemwa kuwa amerogwa, na fedha ya chanjo ikaenda kwa mganga.

Jogoo wa mama alikuwa mzima. Macho yake yaling'aa, undu ulikuwa mwekundu, na tulipomtupia punje za mahindi alitoka kapuni mara moja, akaanza kuwaita mitetea. Kisha akarudi akakanyagakanyaga. Nikamwuliza mama mitetea yake hutaga wapi. Akaonyesha pembe ya jikoni. Lakini juma lililopita binti yake alikuwa amepanga kuni pale pale, na viota vyote viwili vilikuwa vimefunikwa. Tembe watatu walikuwa karibu kuanza kutaga, na hapakuwa na mahali. Kuku saba hawana nyumba ya uzazi, na jogoo alikuwa siku ya tatu anawatafutia!

Tukaondoa kuni. Tukaweka viota viwili vya majani makavu, kila kimoja upana wa kama shubiri moja na nusu, mahali pasipo mwanga mkali wala unyevu, na kwa kuku saba viwili vinatosha. Shemeji alitazama kazi yote bila neno. Tulipomaliza akachukua kisu chake, akasema, "Haya. Lakini mtu akifa nyumba hii, Mwalimu, nitakuja ofisini kwako." Akaenda zake. Kesho yake asubuhi mtetea wa kwanza alitaga, na kabla ya juma kwisha jogoo alikuwa ameacha kuingia kiotani.

Hakufa mtu. Lakini miezi mitatu baadaye kicheche aliingia jikoni usiku akamwua mtetea mwenye vifaranga wa majuma mawili. Walibaki wanne. Mama alileta habari kwamba vifaranga wale walikuwa wakimfuata jogoo, naye akiwaita kwenye chakula kama anavyowaita mitetea. Nilikwenda jioni kuona kwa macho yangu. Ilikuwa kweli: jogoo alilala chini kwenye majani, asipande juu kama desturi yake, na vifaranga wawili walikuwa chini ya bawa lake. Wawili wengine walijibana ubavuni, hawakupata nafasi, na usiku wa tatu, penye baridi, mmoja akafa. Watatu walikua.

Mimi kwa furaha yangu nikafanya kosa. Nilikuwa na vifaranga yatima watano, nikawaweka na jogoo wangu mwenyewe katika tenga moja usiku, nikilala na fahari kama mtu aliyegundua dhahabu. Alfajiri nilisikia kilio. Alikuwa amemdonoa mmoja kichwani mpaka akafa, na wa pili alikuwa akivuja damu. Mke wangu hakunisema kwa maneno. Aliwachukua waliobaki, akawatia ndani ya kapu lenye kitambaa karibu na mafiga, na huko ndiko walikokulia. Kwa hiyo usiwakabidhi vifaranga kwa jogoo kwa kuwa umesoma habari hii. Wako majogoo wanaowaacha vifaranga wapite katikati ya miguu yao, wako wasiowajali, na wako kama wangu. Jogoo wa mama alijichagulia mwenyewe kazi ile mchana kweupe, uwanjani, ambapo kifaranga anaweza kukimbia.

Jogoo yule angalipo, na sasa ana vikwaru virefu vya miguuni. Shemeji alikuja mwaka jana kuomba kijogoo wa uzao wake. Alipewa, akamchukua kwapani bila kutaja mambo ya zamani, nasi hatukuyataja. Jumamosi iliyopita mama alipita ofisini kuchukua cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Akaniambia jogoo ameanza tena kugunaguna, safari hii chini ya uchaga wa ghala, na tembe mmoja anazunguka pale tangu asubuhi. Hakukaa muda mrefu. Alikuwa anawahi nyumbani kutafuta kapu la kuweka pale.